Reli ya Tadami: ipande ingali na abiria wake

Swali: Shikamoo. Nasoma shahada ya uzamili hapa Sendai na mwakani narudi nyumbani Morogoro. Wenzangu wa maabara, wote Wajapani, wananihimiza nipande treni ya Tadami, ile ya milimani kati ya mikoa ya Fukushima na Niigata, "kabla hawajaifunga". Nimeangalia ratiba: kipande cha katikati kina treni tatu tu kwa siku, na mwendo wake ni wa polepole. Raha yake ni ipi hasa? Na ile habari iliyozunguka WhatsApp, kwamba Hokkaido walikiacha kituo wazi kwa ajili ya mwanafunzi mmoja, ni ya kweli?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na la WhatsApp, maana watu wengi wa kwetu wamezijua reli za vijijini Japani kupitia habari ile. Kituo chenyewe kilikuwa Kyu-Shirataki, kwenye njia ya Sekihoku; waliosambaza habari walimtaja jirani yake, Kami-Shirataki. Mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa akipandia pale alikuwepo kweli. Kilichotiwa chumvi ni sababu. Kyu-Shirataki, Kami-Shirataki na Shimo-Shirataki vilifungwa pamoja tarehe 26 Machi 2016, siku ambayo ratiba mpya ya mwaka ilianza kutumika. Ratiba kubwa za treni Japani hubadilishwa kila Machi, na mwaka wa shule nao huishia Machi. Mambo mawili yakakutana, watu wakapata hadithi ya kampuni iliyomsubiri binti mmoja amalize masomo.

Hata hivyo ndani ya hadithi ile kuna jambo la kweli ambalo nalithamini zaidi ya hadithi yenyewe. Kwenye njia za vijijini, wanafunzi ndio abiria wakubwa. Watu wazima wana magari. Mtoto wa sekondari hana leseni. Kwa hiyo treni ya asubuhi hupangwa ifike mjini kabla ya kengele ya shule, na ya jioni iwachukue waliobaki kwa michezo. Ukiwaondoa hao na wazee wanaokwenda hospitali, behewa linabaki na watu wa kuhesabika. Na hapo ndipo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Raha ya treni hizi ni kuingia ndani ya chombo ambacho bado kina kazi yake. Hakikuwekwa kwa ajili ya mgeni. Unakaa kitini katikati ya siku ya watu wengine, wao wanaenda shughuli zao, wewe unatazama dirishani, na hakuna anayekuuzia chochote.

Sasa kuhusu kufungwa. Hofu ya wenzako ina historia ndefu. Mwaka 1980, shirika la reli la taifa likiwa limezama kwenye madeni, ilipitishwa sheria ya kulinusuru, na chini yake njia 83 zikapangiwa kuondolewa mikononi mwa shirika. Kipimo kikuu kilikuwa abiria chini ya 4,000 kwa siku kwa wastani wa kila kilomita ya njia. Nyingi ziligeuzwa kuwa mabasi, nyingine zikachukuliwa na kampuni ndogo zilizoanzishwa na mikoa na miji. Tarehe 1 Aprili 1987 shirika lenyewe likavunjwa na kugawanywa kuwa kampuni za JR (Japan Railways) unazozijua. Tadami, kwa kipimo kile, ilistahili kufa. Iliponea kwa sababu ya theluji: barabara inayovuka milima kati ya Fukushima na Niigata hufungwa majira yote ya baridi, na sheria ilikubali kuziacha njia ambazo hazikuwa na barabara ya kutegemewa pembeni yake.

Wimbi la pili ndilo hili la miaka yetu. Mwaka 2022 kampuni za JR West na JR East zilitangaza hadharani hasara ya njia zao zenye abiria wachache, kipande kwa kipande. Takwimu iliyowashtua watu ni ya njia ya Geibi, kwenye milima ya mkoa wa Hiroshima, kati ya Tojo na Bingo-Ochiai. Mwaka wa fedha wa 2019 kipande hicho kilikuwa na wastani wa abiria 11 kwa siku. Kwa wastani wa miaka ya fedha 2017 hadi 2019, ili kuingiza yeni 100 kampuni ilikuwa ikitumia yeni 25,416. Mwaka wa fedha wa 2020 abiria wakawa 9. Sheria ilirekebishwa mwaka 2023 ili serikali kuu iweze kuwakutanisha kampuni na mikoa kujadili hatima ya njia kama hizo, na Geibi ikawa ya kwanza kuingizwa kwenye baraza la namna hiyo, Machi 2024.

Kwa upande wa Tadami, wenzako wamesema nusu ya habari. Njia hii ilishakatika, tena kwa miaka 11, na ikarudi.

Mwishoni mwa Julai 2011, miezi minne baada ya tetemeko na tsunami, mvua kubwa iliupiga mpaka wa Fukushima na Niigata. Mto Tadami ulifurika na kusomba madaraja ya reli. Kipande cha kilomita 27.6 kati ya Aizu-Kawaguchi na Tadami kikabaki bila treni. Kabla ya mafuriko kipande hicho kilikuwa na wastani wa abiria 49 kwa siku, kwa hiyo JR East walipopendekeza basi liendelee moja kwa moja, mtu wa hesabu hakuwa na la kujibu. Watu wa Aizu, yaani upande wa magharibi wa Fukushima, walikataa. Majadiliano yakaenda mpaka 2017, ndipo wakakubaliana: reli, madaraja na vituo vya kipande kile viwe mali ya mkoa wa Fukushima, JR East ibaki na kazi ya kuendesha treni. Ukarabati uligharimu takriban yeni bilioni 9. Theluthi moja ikatoka kwa JR, iliyobaki kwa serikali kuu, mkoa na miji ya bonde lile. Treni ikarudi tarehe 1 Oktoba 2022.

Wapo wanaouliza kama fedha ile ilikuwa na maana kwa abiria 49. Mimi nasema ilikuwa nayo, na sababu yangu moja ni namna kipande hicho kilivyozaliwa. Kilijengwa miaka ya 1950 kubebea saruji na chuma cha bwawa la umeme la Tagokura. Kijiji cha Tagokura kilihamishwa, maji yakakifunika. Njia ya ujenzi ikaja kufunguliwa kwa abiria mwaka 1963, na mwaka 1971 handaki refu la Rokujurigoe likaiunganisha na Niigata, zikatimia kilomita 135.2 kutoka Aizu-Wakamatsu mpaka Koide. Bonde hili lilitoa ardhi yake ili umeme upatikane kwa miji ya mbali. Kuwaambia watu wake leo kwamba reli yao hailipi ni kuhesabu upande mmoja wa daftari. Wewe wa Morogoro huhitaji kuelezwa stesheni ina maana gani kwa mji.

Haya, tuingie kwenye treni.

Ni behewa moja au mawili ya dizeli. Hakuna kondakta, dereva ndiye kila kitu. Kwenye vituo visivyo na mhudumu, ambavyo ndivyo vingi, unabonyeza kitufe mlango wa nyuma ufunguke, kwa sababu wakati wa baridi hawaruhusu joto litoke bure. Ukiingia tu, pembeni kuna kisanduku kinachotoa kikaratasi chenye namba ya kituo chako. Kichukue na kishike vizuri. Mbele, juu ya dereva, kuna ubao wa namba, na chini ya kila namba nauli. Kila kituo kinachopita, nauli chini ya namba yako inapanda kidogo, wakati namba za wale waliopanda baada yako zinaanza kujitokeza. Ukifika unakoshuka, unakwenda mlango wa mbele, unatumbukiza kikaratasi na fedha kamili mbele ya dereva. Mashine inavunja noti ya yeni 1,000, haivunji kubwa zaidi, kwa hiyo toka hotelini na sarafu. Kadi yako ya nauli unayoitumia Sendai usiitegemee huko milimani.

Kaa viti vya mbele, upate kumwona dereva akifanya kazi. Ana glavu nyeupe. Kila taa ya ishara anainyooshea kidole na kuitaja kwa sauti. Kabla ya kuondoka kituoni anaangalia saa yake ya mfukoni, iliyowekwa kwenye kishimo chake mbele ya dereva, anainyooshea kidole nayo, anataja dakika na sekunde. Behewa lina watu sita, pengine wanne. Anafanya vilevile ambavyo angefanya na watu 600 nyuma yake. Nimewaona vijana wa Kijapani wakilitazama jambo hili kimya, na nadhani ndilo linalowarudisha kwenye reli hizi kuliko picha za majani mekundu.

Kutoka Aizu-Wakamatsu treni inazunguka kwanza kwenye mashamba ya mpunga, tambarare kabisa, na hapo ndipo inabeba watu wake: wanafunzi wenye mabegi yaliyojaa viatu vya mazoezi, bibi mwenye mfuko wa dawa kutoka kliniki, mzee anayeteremka kituo ambacho huoni nyumba karibu yake. Wengi hushuka kabla au pale Aizu-Bange. Baada ya hapo injini inaanza kulalamika, mlima unaanza, misonobari inakaribia madirisha mpaka matawi karibu yaguse kioo. Kisha Yanaizu, na mto.

Mto Tadami una mabwawa mengi ya umeme, kwa hiyo sehemu nyingi maji yametulia kabisa na milima inaonekana mara mbili, juu na chini. Reli inauvuka tena na tena. Daraja linalopigwa picha kuliko yote ni la kwanza, la upinde wa chuma, kati ya Aizu-Hinohara na Aizu-Nishikata katika mji wa Mishima. Ukiwa ndani ya treni utalipita kwa sekunde chache na hutaona upinde wake, maana upo chini yako. Kinachoonekana ni maji pande zote mbili na ukimya wa ghafla wa msitu kuachia nafasi. Picha zile za kalenda hupigwa mlimani, kwenye jukwaa la kutazamia lililo karibu na kituo cha mapumziko cha barabara kuu. Watalii kutoka Taiwan wamelijaza jukwaa hilo kwa miaka, na kazi kubwa ya kuwavuta ilifanywa na mpiga picha mmoja mzaliwa wa Kaneyama, mji wa bonde hilohilo, aliyeziweka picha zake mtandaoni wakati njia ikiwa bado imekatika. Asubuhi na jioni za kiangazi ukungu hulala juu ya maji, na karibu na kituo cha Hayato kuna mashua ya kasia inayovusha wageni ndani ya ukungu huo.

Utaona pia watu wakiipungia treni mkono: mkulima shambani, mfanyakazi wa duka, watoto wa chekechea na mwalimu wao. Mji wa Tadami ulifika hadi kupitisha sheria ndogo ya kuwahimiza wakazi waipungie. Punga mkono na wewe. Mara ya kwanza mtu huona haya, mara ya tatu mkono unainuka wenyewe.

Ukishuka kituo chochote na una muda, ingia chumba cha kusubiria. Mara nyingi utakuta mito ya kukalia iliyoshonwa kwa mkono na akina mama wa kijiji, ua lililobadilishwa wiki hii, na daftari lililofungwa kwa uzi na kalamu yake. Hilo daftari ni la wasafiri. Mmoja kaandika alikuja kusubiri treni akanyeshewa; mwingine kaandika kwamba baba yake alifanya kazi ya reli hapa; mtoto kachora behewa. Lisome polepole, una saa nzima au zaidi kabla ya treni nyingine. Ukiandika, andika kwa Kiswahili. Wenye kituo wataligeuza daftari huku na huku wakiuliza ni lugha gani, na watafurahi.

Nina neno moja zito kuhusu lile la "kabla hawajaifunga". Kuna desturi Japani ya watu kumiminika kwenye njia inapotangazwa tarehe ya mwisho. Njia ya Sanko, kilomita 108 kati ya Miyoshi na Gotsu, ilifungwa mwisho wa Machi 2018, na miezi yake ya mwisho behewa lililozoea watu wachache lilijaa mpaka watu wakasimama safari nzima. Wenyeji waliotaka kwenda hospitali wakakosa kiti. Picha zilikuwa nzuri, lakini fedha ya wageni wale ingekuja miaka kumi nyuma ingekuwa na faida zaidi. Usisubiri matanga ndipo uende kumwona mgonjwa. Panda siku ya kawaida, Jumanne au Jumatano, katika mwaka ambao hakuna aliyetangaza chochote.

Tena usipande tu. Nauli yako haitaiokoa njia. Hilo nalisema wazi, maana waandishi wengi wa safari huwadanganya wasomaji wao. Kinachowapa viongozi wa Aizu nguvu ya kuitetea reli mbele ya walipa kodi ni kuonyesha kwamba abiria hushuka, hula, hulala. Kule Choshi, mkoa wa Chiba, kampuni ya reli yenye kilomita 6.4 tu ilikosa fedha za ukaguzi wa mabehewa mwaka 2006, ikaomba watu kwenye tovuti yake wanunue biskuti zake za mchele zilizolowekwa mchuzi wa soya. Zilinunuliwa kwa wingi na treni inatembea mpaka leo. Kwenye njia ya Kisuki, mkoa wa Shimane, kituo cha Kamedake kina duka la tambi za soba ndani ya jengo la stesheni, na ukiagiza mapema unakabidhiwa chakula chako treni inaposimama. Tadami nayo ina vyake. Shuka Aizu-Yanaizu, upande kwenye hekalu la Enzoji lililojengwa juu ya mwamba, na ule vitafunwa vyao vya nafaka ndogo ya njano vilivyopikwa kwa mvuke, ndani vimejazwa maharage mekundu matamu. Vile vya moto, vilivyotoka jikoni wakati huo, hulika vitatu kabla hujakumbuka kuuliza bei.

Sasa mipango. Kutoka Sendai nenda Koriyama, ubadilishe kwa njia ya Ban'etsu Magharibi mpaka Aizu-Wakamatsu, ulale hapo. Treni zinazofika mpaka Koide ni chache: moja alfajiri, moja mchana, moja jioni, na safari nzima inazidi saa nne. Ya jioni usiichague isipokuwa kiangazi, utaona giza tu. Mimi ningekushauri ya alfajiri: ndiyo yenye ukungu, na inakuachia siku ya kushuka njiani. Nunua chakula Aizu-Wakamatsu, ndani ya treni hakiuzwi. Choo kipo.

Tiketi ya Seishun 18, ya kupanda treni za JR kadiri upendavyo kwa siku zake, inafaa ikiwa likizo yako inaangukia msimu wake, masika, kiangazi au mwisho wa mwaka. Siku hizi ni ya siku tatu mfululizo kwa yeni 10,000 au siku tano mfululizo kwa yeni 12,050, na ni kwa treni za kawaida tu, ya mwendokasi haihusiki. Zamani siku zake tano ungeweza kuzitawanya au kugawana na wenzako. Sasa haiwezekani, kwa hiyo usimsikilize anayekupa ushauri wa miaka iliyopita.

Majani mekundu ya mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Novemba ni mazuri kweli, ila behewa hujaa. Mei, majani mapya yakiwa ya kijani kibichi na theluji bado ipo vileleni, ndiyo chaguo langu. Februari, theluji hufunika mapaa na inapendeza kupita maelezo, lakini treni huweza kusimamishwa kwa siku nyingi, hasa kati ya Tadami na upande wa Niigata. Angalia taarifa za JR East usiku wa kuamkia safari na tena asubuhi. Ukikuta upande wa Niigata umefungwa, usighairi: panda mpaka Tadami au popote treni inapofika, ulale kwenye nyumba ya wageni ya huko, kesho yake urudi kwa njia ileile. Madaraja unayoyataka yote yapo upande wa Aizu.